Baba Eliana, Uliyeondoka na Vidole Vyote Kumi

Mwaka umetimia tangu ulipotutoka, Baba Eliana, na familia nzima imenichagua mimi mkeo nikuandikie, kwa kuwa hapa Ikungi hakuna anayenishinda mwandiko. Haya, niseme kweli: wenzangu wote walikuwa shambani wakipura alizeti.

Mzee Elisha fundi baiskeli, hukujua kumfukuza mtu. Siku ya gulio uliwajazia wageni upepo bure, mkono mmoja kwenye pampu, mwingine unapunga salamu kwa wapita njia.

Halafu kikaja kile kidonda cha kidole cha mguu. Daktari akasema ni kisukari, na sukari isiposhuka kidole kitakatwa, pengine na mguu. Ukamjibu, "Nilikuja nacho, nitaondoka nacho."

Ulitushangaza. Dawa ulimeza bila kukumbushwa. Chai bila sukari, ugali wa ngumi moja, mlenda bakuli zima, na kila alfajiri unatembea saa nzima. Lakini kila ukienda kliniki, sukari iko juu! Nikawa nakutazama nisikumalize: mtu huyu sukari anaitoa wapi?

Asubuhi moja nikakufuata nyuma nyuma. Nikakukuta kwa jirani yetu Hosea, karibu na mizinga yake, mnatafuna masega, asali imekufika kiwiko.

"Mama Eliana, sukari ni ya dukani," ukaniambia, hata ndevu hujafuta. "Hii ni ya nyuki."

"Kweli, shemeji," Hosea akadakia. "Hii ni dawa kabisa."

Kliniki, nilipomsimulia, Nesi Rebeka alicheka, kisha akaacha kucheka. "Babu, damu yako haiulizi utamu umetoka wapi."

Siku ile ile ukaiacha. Miezi mitatu kidonda kikafunga, ukatembea miaka minane mingine, majirani ukiwaburuta nyuma yako. Ulipolala usiamke, nilikuosha miguu mwenyewe, nikahesabu: kumi. Nikahesabu tena, maana sikutaka kumaliza.

Tunaokukumbuka ni mimi Agnes, binti yetu Eliana na mumewe Joshua, mwanetu Christopher, wajukuu wako wote, na Hosea wako. Hutatoka mioyoni mwetu kamwe.

Nami, kwa kuwa sasa sukari yangu imeanza kupanda, nakuenzi kwa kutembea kila asubuhi. Ndivyo nilivyomwambia Nesi Rebeka juzi. Akanisifu sana, akaomba kuziona raba za kutembelea nilizonunuliwa na Eliana, akaingiza mkono ndani, akatoa zile karatasi za kujazia walizoziweka dukani.