Matambara Mawili ya Chekechea ya Kijapani

Jumamosi, Februari inaishia. Nje rasharasha tangu alfajiri, ile isiyonyesha vizuri wala kuacha. Ndani ya moyo wangu jua linawaka.

Nisamehe, shajara. Mara ya mwisho kuandika hapa Naomi alikuwa bado analala na nepi. Sasa anaingia chooni mwenyewe, anafunga mlango na kunifukuza. Na wewe Neema, mdogo wangu, ambaye najua unafungua ukurasa huu mtandaoni kule Korogwe ukamsomee mama, nisamehe pia. Mmenipigia mkaniuliza kama niko hai. Niko hai, nilichoka tu. Ukianza kuwaogesha wazee wa watu majumbani saa kumi na mbili asubuhi, ukirudi ukamwogesha wako, mkono hautaki tena kushika kitu.

Leo nimekaa. Naomi kalala kwenye kochi na kiatu kimoja cheupe mguuni, amekataa kabisa kukivua. Kenji, mume wangu, hajarudi kutoka kazini kwake bekari. Chai ninayo hapa.

Tumepata shule!

Ngoja nianzie nyuma kidogo, maana nikianza na furaha sitaeleweka.

Mimi na Kenji tulikutana kwenye darasa la Kiingereza la jioni, hapahapa London. Yeye katoka Japani, mimi Korogwe, wote tunahangaika na vitenzi. Kiingereza chetu ni cha kuokoteza mpaka leo, na ndicho tunachooneana nacho huruma nyumbani. Mtoto alipozaliwa tulitafuta jina ambalo bibi zake wote wawili wangeliweza. Naomi. Kumbe ni la Biblia na kwao Japani pia lipo. Tulijiona wajanja sana.

Jina wameliweza. Mtoto mwenyewe ndiye hawamwezi. Naomi ana miaka mitatu na nusu, na yeye humjibu kila mtu kwa Kiingereza. Mama akipiga simu kutoka Korogwe, Naomi anaelewa yote, anajibu kwa Kiingereza, na mama ananiuliza, "Anasemaje huyo Mzungu wangu?" Tunacheka. Lakini bibi yake wa Japani hawezi hata kucheka, kwa sababu kila Jumapili sura yake ikitokea kwenye simu Naomi anaingia chini ya meza. Kenji anatabasamu, anageuza simu aonyeshe dirisha, aonyeshe paka wa jirani.

Jumapili moja alipokata simu alichukua taulo la vyombo akalikunja. Akalikunjua. Akalikunja tena. Akasema, "Mama yangu ana mjukuu wa kwenye picha."

Mimi ndiye niliyesema tumtafutie chekechea ya Kijapani. Mimi, nisiyejua Kijapani zaidi ya salamu na majina ya vyakula.

Na hapa nikiri. Nilipokwisha kusema, niliogopa. Akilini niliwaona Naomi na baba yake mezani wanacheka, na mimi katikati nauliza, "Mnacheka nini?" Nikaona Kiswahili changu kinatoka mlangoni na mkoba wake, hakuna aliyekiaga.

Shule ya kwanza tuliyoitembelea ilikuwa kubwa, ina bustani na sungura wa kweli. Kwenye fomu, palipoulizwa lugha za nyumbani, niliandika Kiswahili kwanza. Mama aliyetupokea alikuwa na adabu nyingi. Aliniambia taratibu kwamba lugha tatu ni mzigo kwa mtoto mdogo, nyumbani tungechagua, na mimi nikijitahidi kuongea Kijapani kidogo ingemsaidia Naomi. Alisema kwa moyo mzuri, namwamini. Nikamshukuru. Kwenye basi nilitazama dirishani mpaka Edmonton, mtaani kwetu.

Niache kumsemesha mwanangu lugha ninayosali nayo?

Siku iliyofuata nilimweleza Upendo, dada wa Kitanzania tunayefanya naye kazi. Alinishangaa.

"We mwanamke, nani alikutuma uandike lugha tatu? Andika mbili! Ukishapata nafasi ndiyo uwaimbie hata Kisambaa."

Kwa hiyo shule ya pili nilikwenda kwa ujanja. Hii ni ndogo, vyumba viwili nyuma ya ukumbi wa mtaa, mabasi mawili kutoka kwetu. Fomu yao ilikuwa ya Kijapani, akaijaza Kenji. Nilisimama pembeni napiga pasi sare yangu, nikamwambia, "Kiswahili usiandike." Aliinua macho. "Usiandike," nikarudia. Akainama akaendelea kuandika. Mimi maandishi yake sijui hata herufi moja, kwa hiyo nikaamini.

Alhamisi tukaitwa kwenye mahojiano. Kenji alikosa ruhusa, nikaenda na Naomi peke yetu, mimi nimetoka zamu, sare ndani ya koti. Mlangoni viatu vinavuliwa. Hilo kwangu si geni, kwetu nani anaingia na viatu? Ila soksi yangu ya kulia ilikuwa na tundu na kidole gumba kinachungulia. Nikaingia nimekikunja hivyohivyo, natembea kama kuku aliyekanyaga msumari.

Mwalimu mkuu ni mama wa makamo, mfupi, umri kama wa mama yangu, amevaa aproni yenye mifuko mikubwa. Alimwelekeza Naomi kwenye jiko la kuchezea kule kona, mimi akanimiminia chai. Tuliongea Kiingereza. Aliniuliza habari za usingizi wa Naomi, chakula, mzio. Kisha akauliza mimi naongea na mtoto lugha gani.

Nikasema, "Kiingereza. Na Kijapani kidogo."

Akatazama fomu, akanitazama mimi. Akaniongezea chai ambayo sikuwa nimeinywa. Jasho likanitoka kwapani, na Februari hii.

Hapo ndipo kule kona tukasikia sauti. Naomi kamkalisha mwanasesere kwenye kiti, mikono kiunoni, sahani ya plastiki mbele yake.

"We! Kaa vizuri! Nani kakwambia ushuke? Kula kwanza. Unanisikia? Nahesabu mpaka tatu. Moja... Mbili... Haya, mtoto mzuri. Bado kijiko kimoja tu."

Ilikuwa sauti yangu. Hata ile "haya" ninayoivuta, aliivuta.

Mwanangu ambaye nyumbani hanijibu hata neno moja la Kiswahili! Miaka mitatu nadhani namwagia maji kwenye mchanga. Kumbe akiwa mtoto anaongea Kiingereza, na akiwa mama anaongea Kiswahili.

Mwalimu mkuu alicheka amefunika mdomo kwa kiganja. Akaniuliza hiyo ni lugha gani. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Kiswahili. Ni cha kwangu. Nilikuficha, samahani sana."

Hakukasirika. Aligeuza ile fomu, akaweka kidole kwenye mstari. Akasema mume wangu ameandika hapo, Kiswahili, kabla hata ya Kijapani. Yeye alikuwa anangoja tu mama mtu aseme mwenyewe.

Kenji!

Nikamweleza mwalimu yote. Shule ya kwanza, basi, hofu yangu ya mezani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wao watamfundisha Naomi lugha ya baba yake, hiyo ni kazi yao na wataifanya. "Lakini wewe ukiiacha ya kwako," akasema, akionyesha kule kona, "yule mwanasesere atalishwa na nani?"

Nafasi ipo, akasema, kama bado tunaitaka. Akafungua droo akanipa karatasi ya vitu vya kuleta, ya Kiingereza, ameitafsiri mwenyewe kwa mkono. Mfuko wa viatu vya ndani. Mfuko wa kikombe. Kitambaa cha kufungia chakula. Vyote vishonwe nyumbani. Na mwisho, matambara mawili ya deki, yashonwe kwa mkono, kwa sababu kila Ijumaa watoto wanapiga deki darasa lao wenyewe.

Nilicheka kwa sauti mpaka Naomi akageuka. Nikamwambia mwalimu kwamba mimi darasa la kwanza nilikwenda na fagio la chelewa mkono huu na kidumu cha maji mkono huu, na ukija mikono mitupu unarudishwa nyumbani. Akanitolea macho. Akasema na yeye, utotoni, tambara lilining'inia kwenye kiti chake, na anayelisahau anafuta sakafu kwa la mwenzake lililolowa. Tukacheka wote wawili, watu wazima, kwa habari za matambara. Kidole changu gumba kilikuwa nje muda wote huo, nilishakisahau.

Ile ya kwanza ina bustani na sungura. Hii ina ndoo. Nikachagua ndoo.

Jambo moja limenitatiza, na hili Neema msomee mama polepole. Chakula cha mchana cha watoto kinapikwa asubuhi na mzazi, kinapangwa kwenye kikopo, karoti zinakatwa maua, halafu mchana kinaliwa kimepoa. Wali wa asubuhi, baridi. Sisi tunaita kiporo, wenzetu wanakipamba. Niliuliza kama wali wa nazi unaruhusiwa. Unaruhusiwa. Basi mwanangu atakula kiporo cha nazi chenye maua.

Jioni ile nilimkabili Kenji. Nilimwambia, "Si nilikwambia usiandike?"

Akasema, "Nilisikia."

Basi. Akaenda kuosha vyombo. Nilitaka kukasirika kidogo, hasira zikakataa kuja. Akiwa amenipa mgongo aliniambia amempigia mama yake na kumpa habari, na mama yake ameshaanza kutafuta vitabu vya picha vya kututumia.

Tangu jana nyumba hii ina sheria mpya. Baba ni Kijapani. Mama ni Kiswahili. Kiingereza kibaki na katuni na majirani. Wakati wa kiamsha kinywa leo Naomi aliijaribu.

"Mummy, juice!"

Nikaendelea kuosha sufuria.

"Mummy!"

"Huyo simjui. Humu ndani yuko mama tu."

Nikasikia miguu midogo inakuja, ikasimama nyuma yangu. Nilitaka sana kugeuka. Sikugeuka. Ni vigumu, jamani, asikwambie mtu. Moyo ulikuwa umeshamimina hiyo juisi zamani.

"Mama. Nataka juisi."

"Nataka?"

Akafikiri. "Naomba juisi, mama."

Nikammiminia kwa haraka, na nusu ikamwagika mezani. Akanitazama, akasema, "We! Angalia!"

Sijadanganyika kwamba itakuwa hivi kila siku. Kuna siku nitarudi nimechoka na nitatoa juisi kwa lugha yoyote. Na ile hofu ya mezani haijaondoka yote. Watacheka, Naomi na baba yake, na mimi nitauliza mnacheka nini. Tofauti ni kwamba sasa najua nani atakuwa na kazi ya kunieleza, na kwa lugha gani.

Shule inafunguliwa Aprili. Viatu vyeupe vya ndani nimeshanunua, kimoja mnakijua kiko wapi. Uzi, sindano, lastiki na kamba za mifuko nitapata hapa sokoni. Kushona sijui. Mama alinikalisha kwenye cherehani mara ngapi, nami nikaruka dirishani mara ngapi? Sasa nitajifunza, na mama asinishonee. Nataka matambara yenyewe yatoke mkononi mwangu, hata yakipinda.

Neema, chukua kalamu. Nilivyobakiza kuhitaji ni hivi, na mjomba wa Upendo anarudi huku mwisho wa Machi, ataviweka kwenye begi lake:

Kitenge doti moja, kile kizito kisichochuja, rangi yoyote isiyo nyeupe. Ni cha mifuko miwili na kitambaa cha chakula.

Kanga ya mama ya njano, ile yenye mchoro wa korosho, iliyochakaa. Asinunue mpya! Mpya hainyonyi maji. Nataka ileile aliyonibebea, ikatwe katikati, ndiyo matambara.

Kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, kile kidogo. Hizi nazi za kopo zimenichosha.

Karatasi ambayo mama atakuwa amekuchorea jinsi ya kupiga bandi ya sindano ya mkono isiyofumuka. Chora wewe, yeye aelekeze.

Na kitu kimoja kisichohitaji begi. Mama anirekodie hadithi ya sungura na fisi kwenye simu yako, unitumie. Dakika tano zinatosha. Ila mwambie akisema "Paukwa" asikimbilie kuendelea, anyamaze kidogo.

Huku kuna mtu wa kumwitikia.