Mdudu wa Neema

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2021
Nimetoka kazini saa tisa. Nimefua, nimeanika nje, nimepiga pasi. Mashati, mataulo, chupi, soksi. Neema ananicheka kama kila siku: "Mum, nani anapiga pasi soksi?" Nageuza soksi ingine. Helikopta ya polisi inazunguka tena juu ya mtaa wetu wa Campbelltown, kuangalia nani ametoka nje. Asubuhi wamenitia kijiti cha kupima korona puani kabla ya kuingia kwa wazee ninaowatunza kule Ingleburn. Sina kitu. Namshukuru Mungu, lakini kesho ni kijiti kingine. Kanisa limefungwa, shule imefungwa. Ndani tuko wawili, mimi na binti yangu, televisheni moja, na wale wadudu wake.

Alhamisi, tarehe 5 Agosti
Leo nimeketi kabisa, nikautazama ule mchezo Neema anaoucheza kwenye televisheni. Siku zote nilikuwa napita pembeni, kama unavyopita karibu na mbwa wa watu. Ni wadudu kutoka nyota ingine. Hawana nguvu, hawana bunduki. Wanaingia mtu nyuma ya shingo, wanakaa humo, wanatembea na miguu yake, wanakusalimia na mdomo wake. Adui anakuja na sura ya rafiki yako.

Neema anawajua. "Angalia yule. Hajikuni." Kweli. Chumba kizima kilijaa vumbi, wote wanajikuna, yeye hapana. Neema akampiga. Mdudu akatoka, mdogo kama kidole changu. Mtoto wangu ana macho. Nilimsifu moyoni, mdomoni nikamwambia azime aoshe vyombo.

Naogopa wale wadudu. Pia nataka kuwaona tena. Sijui ni nini hiyo.

Jumamosi, tarehe 7 Agosti
Kumbe si kucheza tu. Anataka kusomea kutengeneza michezo ya namna hiyo, chuo cha ufundi hapa hapa Campbelltown. Mimi moyoni nilishamuona ni nesi. Wanataka awatumie mdudu wake mwenyewe, wa kubuni, kabla ya Ijumaa tarehe 20. Mdudu akiwapendeza, wanamchukua Neema. Asipowapendeza, basi.

Anamchora kwenye kompyuta toka asubuhi. Meno mengi, makucha mengi. Neema mwenyewe hampendi. Anasema anafanana na wa kila mtu.

Jumapili, tarehe 8 Agosti
Ibada ya kwenye simu. Baadaye nilimpigia Mama Esther, tunaimba naye kwaya. Nikamweleza habari za wadudu. Akasema: "Mama Neema, kitu kinaingia mtu, kinasema na mdomo wake. Kwenu Uvira mlikiita nini? Na wewe unakilipia umeme na intaneti."



Jumatatu, tarehe 9 Agosti
Neema alikuwa anaoga. Nikachukua mafuta ya upako. Mlango tunapaka, kitanda tunapaka, gari la Mama Esther tulilipaka siku ileile alipolinunua. Nikaona nipake na kompyuta. Niliomba kwa sauti ndogo. Chupa ikainama zaidi, mafuta yakamwagika kati ya herufi. Nikafuta na kitenge, yakazama zaidi. Ikalia kidogo, ikazima.

Neema akanikuta na chupa mkononi. Akabonyeza cha kuwashia, akabonyeza tena, haikuwaka.

Mdudu wake alikuwa humo. Hakumweka pengine popote.

Jumanne, tarehe 10 Agosti
Shule imemwazima kompyuta ingine. Anakula chumbani, mlango umefungwa. Nimeweka sahani chini, nimebisha, nimeondoka. Mama Esther amenipigia kuuliza kama mapepo yametoka. Nimemwambia kilichotoka ni kazi ya mtoto wangu. Nimekata simu. Nina hasira naye, na zaidi na mimi.

Alhamisi, tarehe 12 Agosti
Upepo mwingi. Mlingoti wa kamba za nguo unazunguka wenyewe nje. Nilikuwa na pasi mkononi, Neema akatoka, akasimama mlangoni. Akauliza kwa ukali: unaogopa nini, mpaka unapiga pasi soksi?

Nilikuwa sijamwambia kamwe. Nilidhani anajua. Kwetu Uvira kuna nzi. Unaanika nguo, anatua, anaacha mayai. Usipopiga pasi, unavaa na mayai yake. Funza anaingia kwenye ngozi na wewe husikii kitu. Anakula, ananenepa. Unaona jipu, na juu yake tundu dogo. Anapumulia hapo. Mimi nilimbeba mmoja mgongoni nikiwa mdogo, nacheza naye, nalala naye. Mama yangu alipaka mafuta juu ya tundu. Akikosa hewa anapanda mwenyewe kutafuta, ndipo unamkamua.

"Mafuta tena," Neema akasema.

Akacheka. Mungu wangu, akacheka. Halafu akakaa chini kabisa, karibu na meza ya pasi, akataka nirudie kuhusu lile tundu.

Jumatano, tarehe 18 Agosti
Anachora, ananiita. Mum, ni mweupe? Ana miiba? Nasema ndiyo, midogo, inashika nyama usimvute. Anafuta, anaanza upya.

Sasa hana meno hata moja. Watu wa ile nyota wanaanika nguo zao, wanavaa, wanakwenda kazini, wanasalimiana. Kwenye mgongo kitu kinapumua. Askari hana bunduki. Ana chuma cha moto na mafuta. Nilipomuona ngozi ilinisisimka, mgongo ukaniwasha palepale pa zamani. Huyu ni mzuri. Nimemwambia kwa mdomo safari hii.

Bado nimeomba. Lakini nimemuombea mdudu apendwe.

Ijumaa, tarehe 20 Agosti
Amemtuma. Chupa ya mafuta nimeiweka juu ya kabati, mbali na kila chenye umeme.

Jumamosi, tarehe 11 Septemba
Jana jioni wamemjibu. Wamemchukua. Mwalimu wa huko ameandika kwamba alipomaliza kumtazama mdudu alikwenda kuzikagua nguo zake. Neema amenisomea mara nyingi, na mimi nimejifanya sisikii vizuri ili arudie.

Leo nimerudi kutoka kazini nimechoka. Mzee wangu mmoja anakohoa, tunasubiri majibu yake. Neema alikuwa ameanua nguo zote. Amezikunja kitandani kwangu.

Nimegusa soksi. Zilikuwa bado na moto wa pasi.