Bangili za bibi yake Kokila

Docus! Wapiga mbizi wameiona ile meli!

Ile meli ya moshi iliyozama na babu yake Kokila, ikipeleka pembe za ndovu Bombay. Imelala ubavu chini ya bahari.

Tejas, mjukuu wa Kokila, yule anayemwita Dadi, yaani bibi, ndiye ameleta picha dukani. "Dadi, pembe bado zipo! Mali ya babu!"

Kokila hakuangalia pembe. Ameuliza tu, "Na watu?"

"Watu gani, Dadi? Ni miaka mia!"

Watu gani! Docus, anauliza watu gani!

Unajua kwao Wahindi mjane huvunja bangili zake za kioo. Bibi yake Kokila alikataa. "Maiti sijaiona. Mimi bado mke wa mtu." Akazeeka nazo mkononi, akafa nazo, Kokila akazitunza.

Leo amezitoa sandukuni. Nikamshika: "Dada, acha, ni ukumbusho."

"Santa, bibi amengoja vya kutosha."

Akazivunja juu ya kaunta, moja moja, akilia kama aliyefiwa asubuhi hii. Tejas amefunga duka mwenyewe, bila kuambiwa.

Kesho toka Mbale uje Jinja, tumkalie babu yake matanga.