Maneno ya Kwenye Faili

Bwenini, 3 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Na goti lako, bado linakugombeza ukipanda ngazi? Mimi mzima, ila nimekonda kidogo kwa sababu mpishi wa chuo ana mkono mzito wa chumvi.

Uuguzi umeanza kwa kishindo. Mwalimu katupa maneno mia mbili ya kitabibu, tuyajue kabla mwezi haujaisha. Wenzangu wanayaimba bwenini kama kwaya iliyokimbiwa na mwalimu. Nikacheka peke yangu, wakanitazama kama nimerukwa na akili. Nikawaambia, jamani, haya hayakaririwi, yanakatwa. Anzeni mkiani. Mkia unasema kumetokea nini, kichwa kinasema wapi. Gastritisi: itisi ni kuvimba na kuwaka, gastro ni tumbo. Kwisha kazi! Mmoja akauliza nimesomea wapi. Nikamjibu, jikoni kwetu.

Baba, nimeikumbuka ile meza mpaka nikaumia. Wewe na kadi zako kuukuu za hospitali ulizoziandika maneno haya, mama na mkasi wake wa kushonea, anakata neno pale unapomwonyesha, na mimi nikipatia nalamba kijiko cha sukari. Mama alikuwa anajifanya hajui lolote ili nimfundishe. Nilikuwa na raha sana wakati ule na wala sikujua.

Nisalimie wote wanaoniulizia.

Mwanao,
Karani Mdogo

*

Nyumbani, 17 Februari

Mwanangu Karani Mdogo,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, mpaka paka akaondoka zake. Goti lipo, tunavumiliana.

Umenikumbusha mbali. Shule niliishia darasa la saba, na masjala ya hospitali niliingia kubeba mafaili, siyo kuyasoma. Lakini ukishika mafaili kutwa, macho nayo yanajifunza. Nikagundua kila penye ektomi, mgonjwa alirudi wodini kapunguziwa kitu. Kila penye oma, kuna uvimbe. Basi nikajiona profesa. Nikapanga rafu zote kwa mikia ya magonjwa badala ya majina ya watu! Nilipokwenda likizo, karani aliyenishikia zamu hakupata hata faili moja. Walinifuata kwenye harusi ya shangazi yako, nikatoka na suti na ua kifuani kwenda kumtafutia mzee mmoja faili lake la henia. Mama yako alinicheka mwaka mzima. Jina la Bwana Mikia ni yeye aliyenipachika, hospitali ikalidaka.

Soma, mwanangu. Yeye ndiye aliyetamani kukuona na hiyo sare.

Baba yako,
Bwana Mikia (mpaka leo)

*

Bwenini, 9 Machi

Baba,

Shikamoo. Naandika haraka haraka, niko kwenye foleni ya chakula na sahani kwapani. Nimepata tisini na sita! Mwalimu anasema hajawahi kuona. Sasa hivi kitanda changu kimegeuka darasa, watu wanakuja na madaftari yao niwakatie maneno.

Wiki ijayo tunaanza somo la uvimbe, yaani oma zote. Hapo ni nyumbani kabisa. Nikimaliza nakuandikia.

Mwanao,
Karani Mdogo

*

Nyumbani, 20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Ni salama huko? Wiki ya sita sasa. Tarishi akitokea kwenye kona nimeshasimama, na kwa jinsi anavyonionea huruma ameanza kupita upande wa pili wa barabara. Kama ni masomo, sawa. Kama ni mchumba, sawa pia, ila mwambie akuachie kalamu dakika kumi.

Meza ya jikoni nimeipaka rangi ya kijani. Imekuwa mbaya ajabu. Niandikie hata mstari mmoja.

Baba yako

*

Nyumbani, 2 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Leo sina mzaha. Matroni wa chuo ameniandikia kwamba umechukua fomu ya kuacha masomo na umekataa kusema sababu.

Nadhani naijua. Mmefika kwenye neno lililokuwa katika faili la mama yako kabla hatujampoteza. Umeona kwamba nililielewa vibaya, na sasa huwezi kuniita baba. Barua hii nimeiogopa tangu siku uliyokwenda chuo. Nikasirikie, una haki. Lakini usiache kazi yako kwa hasira juu yangu.

Baba yako

*

Bwenini, 11 Juni

Baba,

Shikamoo. Mimi si mzima, sitakudanganya.

Sijakukasirikia. Mwalimu aliandika sarkoma ubaoni, akauliza nani anaweza kuikata. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Oma, uvimbe. Sarko, nyama. Uvimbe wa nyama. Darasa likapiga makofi. Mwalimu akasema nimekata sawasawa, na hapo hapo ndipo watu wanapoumia. Lipoma ni uvimbe wa mafuta, mtu anaweza kuishi nao miaka na asidhurike. Sarkoma ni saratani. Vipande vya neno vinakuambia kitu kimeota kwenye nini, havikuambii kama kinaua.

Nikakaa chini. Nikaiona jioni ile, nilipokuwa na miaka kumi na moja. Ulileta kadi yenye neno hilo, ukasema ndilo lililo kwenye faili la mama, mama akalikata, na mimi nikapaza sauti, "Uvimbe wa nyama!" Mama akacheka, akajipigapiga paja penye kile kiuvimbe, akasema, "Kumbe ni nyama tu! Basi itangoja. Nitarudi kwa daktari mtoto akishafunga shule." Tarehe yake ya kurudi ilikuwa wiki ile ile. Akakaa miezi minne bila kurudi kwa daktari, baba. Nikapewa vijiko viwili vya sukari.

Ni mimi niliyemwambia. Sasa nitavaaje sare na kumwambia mgonjwa chochote?

Mwanao

*

Nyumbani, 19 Juni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisomea getini. Miaka kumi na moja nilijipa moyo kwamba ulikuwa mdogo na umesahau.

Sasa nisikilize. Majibu ya kipimo cha mama yako yalipita mikononi mwangu kabla hayajafika kwa daktari. Wagonjwa wa aina ile walikuwa wanapelekwa hospitali kubwa, mafaili yao hayakukaa kwangu, kwa hiyo neno lenyewe lilikuwa geni. Ningevuka korido tu, hatua ishirini, nimuulize daktari. Sikuvuka. Bwana Mikia mzima akaulize neno? Nikaliandika kwenye kadi nikalileta nyumbani kama mchezo, kwa sababu niliogopa kulikata peke yangu. Nilimtwisha mtoto swali la mtu mzima. Wewe ulisoma nilichokuwekea mezani. Kosa ni langu, tena si la kugawana.

Baadaye nilimuuliza daktari kama mama yako angepona lau angekuja tarehe ile. Akasema hajui. Sina dawa ya jibu hilo, mwanangu. Nimelala nalo na kuamka nalo.

Tangu hapo sikumsomea tena mtu faili. Mgonjwa akija dirishani na kuniuliza, "Karani, hapa wameandika nini?" nilikuwa nafunga dirisha, namshika mkono, nampeleka kwa daktari, nasimama pale mpaka aelezwe kwa maneno ya nyumbani. Tarehe ya kurudi namwandikia kiganjani, maana karatasi hupotea. Wenzangu walinicheka sana. Niliendelea hivyo mpaka nikastaafu.

Ukitaka kurudi, kitanda chako kipo. Lakini usirudi kwa kosa langu. Nakuomba msamaha. Ningeuomba zamani, nilikosa ujasiri.

Baba yako

*

Bwenini, 30 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi sasa ni mzima, na ninakula hata ile chumvi.

Fomu niliichana. Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza nione kama kazi hii naiweza. Na nimekusamehe. Naandika waziwazi usije ukaanza kukisia, nakujua.

Tuko wodini tangu Julai. Siku moja mama mmoja muuza mboga, mcheshi kweli, ana uvimbe mguuni, alinivuta mkono. "Nesi, hebu nisomee, hapa wameandika nini?" Nikatazama. Lilikuwa neno lile lile.

Nikamwambia, "Neno nalijua, mama, lakini peke yangu silisemi. Twende wote."

Daktari alitaka kuongea akiwa amesimama, nikamvutia kiti. Alipomaliza kuongea kidaktari, yule mama akanigeukia, nikamweleza kinyumbani. Kwamba ni saratani. Kwamba imeanzia kwenye msuli. Kwamba kupona hakuna wa kumwahidi, ila kuchelewa kutaharibu kila kitu.

"Hata wiki mbili haingoji? Nina mboga shambani."

"Haingoji, mama."

Nikamwandikia tarehe kiganjani. Akalalamika kalamu inamtekenya, tukacheka wote wawili, halafu akakifumba kiganja.

Jana ndiyo ilikuwa tarehe yenyewe. Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni nikijifanya napanga viti. Saa mbili hakuna mtu. Saa tatu matroni wa wodi akaniuliza viti hivi navipanga mara ngapi. Ilipofika saa nne kasoro nilikuwa nimeshakata tamaa, na hapo akatokea anachechemea, huku akimsema mlinzi wa getini kwa kumpotezea muda.

Niliingia stoo ya mashuka nikalia mpaka nikatafutwa. Baba, amekuja.

Mwanao