Jicho Kwenye Dari la Ofisi

Bukavu, Jumatatu

Yaya Zawadi,

Wewe huko Sange unajipepea, mimi hapa nimevaa sweta mbili! Lakini sambaza, visamaki vya ziwa la huku, ni tamu, baridi naisamehe.

Lile jengo la ofisi tumelimaliza. Taa zake zinakula umeme kidogo, na kila chumba kina jicho kwenye dari: lisipoona mtu anatikisika, linazima taa. Mkubwa wa jengo hakuyapenda hayo macho. Akasema atayajaribu kwenye mkutano wa leo, kisha aamue kama tuyang'oe.

Chumba cha mikutano hakina dirisha. Maman Furaha wa uhasibu akafungua kwa sala, na yeye akifumba macho hafupishi. Watu wamesimama kimya, hata kikohozi hakuna. Taa zikazimika! Mimi pale mlangoni nikajua macho yatang'olewa. Lakini hakuna aliyeshtuka. Walidhani courant imekatika tu, kama kawaida, na Maman akaendelea kuombea wagonjwa gizani. Aliposema Amina, wote wakainua mikono kufanya ishara ya msalaba, na taa zikawaka. Wakashangilia kama mnavyoshangilia nyumbani courant ikirudi.

Ikabidi nieleze. Maman akatazama juu: "Kumbe ile jicho iko na heshima. Inangojeaka Amina."

Mkubwa alicheka mpaka akakaa. "Muache yote," akaniambia. "Lakini muongeze dakika za kungojea kabla ya kuzima. Kesho Maman atasalisha tena."

Wabusu watoto. Na ukiniombea leo, yaya, tikisika kidogo.

Mdogo wako,
Bahati