Zuhura Hajanitukana

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimesoma gazeti zima, mwanzo hadi mwisho, bila miwani. Uongo. Nimesoma vichwa vya habari, nikatazama picha za mpira, nikafungia maandazi. Shule niliiachia darasa la nne.

Jioni nikamkuta mjukuu wangu Zuhura, wa darasa la tatu, kakikodolea kitabu macho. Nikamtania: "Mke wangu, hata mbuzi wa jirani angeshamaliza ukurasa huo." Kwa kawaida hunijibu papo hapo. Juzi kaniambia nina masikio ya popo na bado nasikia wito wa chakula tu. Leo kanyamaza. Kainama. Sikupenda.

Jumatano, 16 Julai

Bado hajanitukana. Babu na mjukuu ni watani. Utani ukijibiwa kwa kimya, kuna kidonda mahali.

Mama yake, binti yangu Mwanahawa, kasema mbele ya mtoto: mwezi ukiisha hajajua kusoma, shule basi. Atabaki shamba, mikorosho inataka mikono. Anasema pia kuna mkono wa mtu. Nikamuuliza ni mchawi gani huyo wa hapa Milola, anaacha kuku na mbuzi, anaiba irabu. Hakucheka. Alizaliwa amenuna.

"Akili anayo," nikamwambia.

"Basi mvivu, baba."

Ijumaa, 18 Julai

Nimefanya uchunguzi wangu. Chuoni ustadhi akimsomea sura, Zuhura anaisema yote, hakosei. Nikamsimulia kisa kirefu cha nguruwe pori walionikimbiza shambani. Kakirudia na uongo wangu wote ndani. Nikampa kitabu. Mstari ukamponyoka. "Baba" ikawa "dada". Jasho likamtoka.

Mvivu hatoki jasho. Mimi ni mvivu, najua.

Hivi ni kitu gani kinachomkamata mtu kwenye karatasi tu, kwingine kote kinamwacha? Inanikera kutojua.

Jumanne, 22 Julai

Nimekwenda shuleni kuuliza. Mwalimu wa darasa kazungukwa na watoto kama siafu. Kasema Lindi mjini ipo shule yenye kitengo cha elimu maalumu, wanapima watoto. Mbona hukusema siku zote? "Mlikuwa hamjauliza, babu."

Mwanahawa kakasirika. Alidhani elimu maalumu ni ya wasioona na wasiosikia tu. Watu watatucheka, kasema. Waanze na mimi, nikamwambia, nimezoea.

Alhamisi, 24 Julai

Lindi. Mwanahawa kaja nasi, bado kanuna. Mwalimu mwanamke, kijana, mtulivu. Kampima Zuhura asubuhi nzima kwa picha, sauti na mafumbo. Kataka pia macho na masikio yake yakaangaliwe hospitali, asije akakosea. Lakini anavyoona yeye, ni disleksia. Jina kama dawa ya kuku.

Si uvivu. Si uchawi. Wala si ujinga. Kichwa chake kinazifikia herufi kwa njia nyingine, ndefu. Haiponi kama mafua, ila mtoto anafundishika: herufi na sauti yake, moja moja, akiichora mchangani kwa kidole. Kadi yenye dirisha, mstari mmoja tu uonekane. Muda zaidi. Maswali mengine ajibu kwa mdomo. Kasema atazungumza na mwalimu wetu.

Nikauliza hili na lile mpaka Mwanahawa akanivuta kanzu. La mwisho: hutoka wapi? Mwalimu kasema mara nyingi hutembea ndani ya ukoo.

Wote watatu wakanigeukia mimi. Wa kwanza kucheka alikuwa Mwanahawa.

Njiani kasema, "Haya, abaki shule. Ila mchanga utaubeba wewe."

Jumamosi, 2 Agosti

Wenzangu wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Mimi nimebeba mchanga.

Zuhura yuko barazani, sinia la mchanga pembeni. Kadi kaikata mama yake kwenye boksi la sabuni, dirisha limepinda. Anasoma mstari, anapumzika, anasoma mwingine. Polepole kama kinyonga. Lakini anafika.

Alipokwenda kuoga nikaiazima kadi. Nikaiweka kwenye gazeti langu. Habari ya bei ya ufuta nikaisoma yote, mpaka nukta ya mwisho. Sijamwambia mtu.

Tangu siku ile ya mbuzi sijamtania. Naogopa. Leo kanitazama juu ya kadi, midomo ikamcheza, kisha akarudi kwenye mstari wake.

Namdai tusi, tena la haki yangu. Nilipe, mke wangu. Hata dogo tu, la masikio.