Niliyowaambia Watu Kuhusu Mguu Wako

Kaka yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute umekaa mahali pazuri, kazi imepungua na chai iko karibu na mkono. Wifi yangu hajambo? Na wanao je? Yule binti mkubwa bado anasoma kwa sauti mpaka majirani wanajua mtihani wake una maswali gani? Na zile cherehani za mji mzima, bado zinaletwa kwako zikiwa maiti nawe unazifufua? Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu uliye mbali. Leo nimejaribu nikashindwa. Uzima wangu una maelezo, na hofu safari hii iko kwangu.

Najua unashangaa. Miaka sita nakutumia ujumbe wa maneno matatu kwenye simu, halafu leo ghafla karatasi nne, pande zote mbili. La mgambo likilia lina jambo. Nina ungamo moja na ombi moja, na vyote viwili vinanitia woga, kwa hiyo niache nizunguke kwanza, si unanijua. Ila nakusihi, hata ukikasirika katikati, usiichane barua kabla hujafika mwisho.

Nimepanga chumba juu ya tanuri la mikate. Alfajiri sakafu inakuwa na joto, na mimi natandika mkeka wangu pale pale nanyoosha mgongo kabla mji haujaamka. Saa kumi na mbili nashuka kwenda kufundisha yoga kwenye ukumbi wa mafundi seremala, ambao wananipa nafasi mpaka saa mbili, bora nifagie vumbi la mbao mwenyewe. Jioni nafundisha tena. Katikati ya siku ni yangu. Natembea, nasoma, Jumamosi nafua mikeka ishirini kwa sabuni na kuianika kwenye uzio, na wapita njia wananiuliza kama nauza. Sina bosi wala barua ya ajira. Nikikaa mji miezi minne au mitano, nafunga mabegi yangu mawili nahamia mwingine. Marehemu mama aliniita kiguu na njia, nami nilidhani ananisifu.

Wanaokuja si wale wembamba wa kwenye picha. Ni madereva wenye migongo mibovu, mshonaji ambaye shingo yake haigeuki, na mwenye bucha mmoja mnene, mpole kupita kiasi, aliyeumia kiuno kwa kubeba mapaja ya ng'ombe miaka thelathini. Siku ya kwanza aliniambia wazi kwamba vidole vyake vya miguu hajaviona tangu aoe. Basi tukaenda naye polepole. Mwezi wa tatu akavigusa, akapiga ukelele hadi seremala akaja mbio na nyundo. Nakuambia haya ujue kwamba kazi hii naipenda, na kwamba si kila kitu ndani yake ni uongo.

Sasa uzima wangu. Tangu mwaka jana nyonga yangu ya kushoto inauma. Kwanza ilikuwa asubuhi tu, baadaye kila nikipanda ngazi, baadaye hata nikigeuka kitandani. Badala ya kwenda hospitali, nikaanza ujanja. Niliacha kuonyesha mazoezi. Nikawatangazia wanafunzi kwamba mwalimu mkomavu haonyeshi, anatembea katikati ya watu na kutumia maneno. Jamani, walivyonisifu! Wawili wakaandika kwenye daftari. Mimi nikitembea ukuta hadi ukuta, mkono kiunoni, nafanya kama natafakari, kumbe natafuta pa kujishikiza.

Aliyenikamata ni yule mwenye bucha. Siku moja wenzake walikuwa wanakunja mikeka, akabaki, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nyonga yangu imekauka. Maisha yake yote anatenganisha viungo, alisema, na kiungo kikavu anakijua hata kikiwa ndani ya suruali. Nikamjia juu. Nikamwambia mimi si nusu ng'ombe ya kuning'inizwa dukani kwake. Alicheka, akasema ni kweli, ng'ombe wake hawana kiburi, kisha akaniambia kesho yake ananisindikiza hospitali nipende nisipende.

Daktari ni msichana mdogo, angeweza kuwa binti yangu. Alinionyesha picha ya mifupa, akaeleza kwamba lile gegedu linalozuia mifupa kusagana limekwisha kabisa. Akaniuliza kazi yangu. Nilipomjibu aliinamia ile picha, adabu ikimzuia kucheka. Nikamuuliza kama ni yoga iliyoniharibu. Alisema hajui, pengine nilizaliwa hivyo, pengine niliusukuma mwili mahali usipotaka kwenda. Lazima nibadilishiwe nyonga, na hospitali inayofanya kazi hiyo iko huko kwenu, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwako. Nitatembea kwa magongo mawili wiki sita, na kazi hakuna kwa miezi. Kisha akavuta fomu akauliza nitakaa na nani. Kaka, nimeishi miji kumi na tano, na hakuna hata mmoja nilioacha mtu wa kunitunza. Mwishowe nikaandika jina lako bila kukuomba. Nisamehe kwa hilo, ingawa ndilo dogo.

Kubwa ni hili. Unaikumbuka siku niliyokuja kwako nimetoka tu kupata cheti, mdomo umejaa maneno? Nilikwambia mguu wako haukufa utotoni, umelala tu, na kwamba wewe umezoea kuhurumiwa. Wewe! Mtu aliyekuwa akitoka nyumbani nusu saa kabla ya wenzake ili anifikishe shule kwa wakati, na mimi njiani nanung'unika kwamba ananichelewesha. Nikakutaka uweke magongo chini mbele ya mkeo na wanao. Ukaniangalia muda mrefu, ukayaweka, kwa sababu hujawahi kuninyima kitu. Ulipoanguka ukagonga kabati, watoto walicheka wakidhani ni mchezo, halafu wakaanza kulia. Na mimi nilisimama nikakwambia, tena. Hilo unalijua. Hukunigombeza, na kesho yake nikaondoka kabla hamjaamka.

Usilolijua ni nililolifanya baadaye. Katika mji wa kwanza niliofundisha walikuja watu wanne, nao walitaka kuondoka. Nikaogopa. Wakiwa wamelala chali, macho wamefumba, nikaanza kuwasimulia kwamba nina kaka ambaye kwa mazoezi yangu haya haya alitupa magongo yake. Mmoja akatokwa na machozi. Kesho yake walikuja kumi na moja. Tangu hapo nimeisimulia kila mji, na kila mara naongeza kidogo. Mahali pengine umepanda mlima. Mahali pengine umecheza harusini kwako mpaka asubuhi. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliendelea kwa sababu kila watu walipoanza kuomba wakuone, mimi nilifunga mabegi. Nawaambia watu napenda maisha ya taratibu ya kuhama. Ni kweli nayapenda, lakini nusu yake nilikuwa nakukimbia wewe.

Wiki mbili zilizopita yule mshonaji alikuja darasani na mumewe. Walivuka mji mzima kwa miguu, yeye amemshika kwapani, mwanamume jasho linamtiririka na mguu mmoja unaburuta. Alikuwa ameyaficha magongo ya mumewe nyumbani kwa makusudi. Akaniambia kwa furaha kabisa kwamba amefanya kama mimi nilivyomfanyia kaka yangu. Yule bwana aliniangalia kama wewe ulivyoniangalia siku ile, na nikajua nikinyamaza ataanguka naye.

Nikamletea kiti. Nikamwomba mwenye bucha achukue baiskeli yake akayalete yale magongo. Kisha, watu wote ishirini na watatu wamesimama kwenye mikeka, nikasema kweli yote, mguu wako, kabati, kilio cha watoto, pamoja na nyonga yangu na ile mbinu yangu ya kutembea. Wengine walikusanya vitu vyao wakatoka hapo hapo. Mshonaji alilia kwa hasira, akasema nimemdhalilisha mbele ya mumewe, na ana haki. Yule bwana tu ndiye aliyebaki ametulia. Aliniuliza swali moja: kaka yako alipoanguka, nani alimwinua?

Nikashindwa kumjibu mbele ya watu. Nakujibu wewe. Ni wifi yangu na yule binti yako, aliyekuwa na miaka saba. Alikuwekea mkono shingoni akawa anakwambia pole baba, pole baba. Mimi niliyeitwa mwalimu sikukugusa. Nimegusa migongo ya watu wangapi tangu siku ile, nikiinyoosha, nikiipapasa, na wa kwako uliokuwa chini sikuugusa.

Nisamehe, kaka. Sina maneno ya kulipamba hilo.

Ombi langu sasa. Upasuaji ni tarehe kumi na nne. Siogopi kisu, naogopa baada yake. Sijui kutembea kwa magongo, sijui hata mtu anabebaje kikombe cha chai akiwa ameyashika, na katika dunia hii mtu anayejua ninamjua mmoja. Naomba nikae kwako wiki sita. Nitafika kituoni kwenu Alhamisi ya tarehe kumi, saa sita mchana. Kama hunitaki, usihangaike kuandika jibu, wala usimtume mtu. Usije tu. Jua likizama nitaelewa, nitatafuta chumba karibu na hospitali, na sitakulaumu, leo wala kesho. Lakini kama unakuja, usikodi gari na usiharakishe. Njoo kwa mwendo wako, kaka. Nitakaa kwenye benchi, nitakungoja, na safari hii sitanung'unika.

Mwambie wifi nampenda na kwamba nitakuja na sabuni yangu mwenyewe asije akasema nimemfilisi. Wape watoto busu, na yule mkubwa mwambie shangazi yake anamheshimu sana, sababu utamweleza wewe ukipenda. Mwenye bucha anakusalimu pia. Anasema mtu aliyeweza kunivumilia mimi tangu utotoni hana haja ya yoga.

Ni mimi mdogo wako, tumbo moja,
ambaye amechelewa.